Meza Aliyoitandika Kemunto

Nimestaafu. Funguo za kanisa nilimkabidhi Bosire, na kabla sijafika nyumbani alikuwa ameshanipigia simu kuuliza ule wa stoo ni upi. Nilimwambia stoo haina ufunguo, ina msumari. Unauzungusha huku umeuinua mlango kidogo kwa goti. Alicheka, kisha akaniomba nimwandikie mambo ya namna hiyo, yeye na watunza kanisa wenzake wa huku Kisii na Nyamira, ambao hukutana na matatizo yale yale na kuona haya kuuliza. Kamati ya parishi nayo inaandaa historia ya kanisa letu, lakini najua itakavyokuwa: maaskofu waliotutembelea, mawe ya msingi, na picha za watu waliosimama wima juani wakikunja uso. Hayo nawaachia wao.

Kanisa letu liko juu ya Gesima, upande unaopigwa na upepo, na hatukuuchagua upande huo kwa kupenda. Waanglikana walipofika huku, Wasabato na Wakatoliki walikuwa wameshakaa kwenye vilima vizuri vyenye barabara na maji, sisi tukaachiwa mteremko ambao hata majani chai huota kwa kinyongo. Aliyetuanzisha alikuwa karani mstaafu aliyefanya kazi mbali, akarudi nyumbani na dini ambayo majirani hawakuijua, kitabu cha sala na mke mwenye sauti ya kuimba. Walianza kusali sebuleni kwake. Sebule ilipojaa wakajenga kibanda cha udongo, kibanda kilipoinama wakafyatua matofali, na hilo la matofali ndilo nililolikuta mimi.

Nilikuja kupaka rangi. Ilikuwa kazi ya wiki moja, ukuta wa ndani tu, na sikuwa na mpango wowote na Waanglikana baada ya hapo. Mtunza kanisa wa wakati huo, Mzee Ondieki, alikaa mlangoni akinitazama. Siku ya mwisho aliona nayarudisha mabenchi mahali pake, akaniuliza kama nina kazi nyingine inayoningoja. Nikasema sina. Akanipa ufagio, nami nikaushika kwa zaidi ya miaka thelathini.

Nyumbani habari hiyo haikupokewa kwa vigelegele. Mama yangu alikuwa Msabato kamili, na Jumamosi ndiyo siku ambayo mtunza kanisa wa Kianglikana hupiga deki. Mwanzoni alidhani nitaacha baada ya mwezi. Alipoona siachi, akaamua kuwa siku ya Sabato hanijui, na kweli, tukikutana njiani Jumamosi nimebeba ndoo alikuwa akinipita kama mti. Jumapili ananisalimia vizuri na kuniuliza kama nimekula.

Mzee Ondieki hakuwa mtu wa maneno mengi, ila kila alichonifundisha kilikuwa na sababu. Mshumaa hauzimwi kwa kupuliza, kwa sababu nta huruka kwenye kitambaa na nta haitoki. Mikate ya ushirika unaiweka ndani ya kopo la kakao lenye kifuniko kigumu, maana panya wa Gesima hawajali kitu kimebarikiwa au bado. Divai haikai kanisani wala haikai kwa mtunza kanisa, inakaa kwa mtu ambaye haipendi. Na mvua ya mawe ikianza kupiga mabati, usimwache mhubiri apigane nayo. Mpe kwaya ishara isimame iimbe, mhubiri akae chini apumzike, naye atakushukuru baadaye hata kama wakati ule amenuna.

Bosire, utaona pia kwamba birika letu la ubatizo limegeuziwa upande mmoja ukutani. Usiligeuze. Lilichongwa huko Tabaka, kwa wachonga mawe, kwa jiwe zuri la rangi ya waridi, na fundi aliyelichonga alikuwa hodari sana ila maisha yake yote alikuwa amewachongea wafanyabiashara wanaopeleka vitu ng'ambo. Tulimwambia aweke pambo kidogo ubavuni. Akaweka twiga. Twiga wawili, shingo zimepishana, kazi safi kabisa. Wazee walibishana hata wakachoka, mmoja akisema twiga naye ni kiumbe cha Mungu, mwingine akisema askofu anakuja wiki ijayo, na mwishowe tukaligeuza. Watoto wote wa parishi wanajua twiga wako wapi na huenda kuwapapasa wakati wa mahubiri.

Sasa nije kwa jambo lililonishughulisha kuliko mengine yote katika kazi ile. Linahusu mama mmoja aitwaye Kemunto.

Nilimkuta akiwa mfuaji wa vitambaa vya meza ya Bwana. Alivipiga pasi ya makaa hata ukiviinua vinasimama vyenyewe. Mume wake, Mzee Nyakundi, alilelewa katika Usabato na akaacha kwenda kanisani zamani, ila Sabato hakuiacha. Jumamosi hashiki jembe, hachumi chai, na katika boma lake hakuna kinachoanikwa. Kwa hiyo Kemunto alifua Ijumaa, akaomba jua lisimwangushe, akaviondoa kwenye kamba kabla halijazama na Sabato haijaingia, na Jumapili alfajiri alifika mlangoni kwangu navyo vimekunjwa ndani ya kanga. Tulitandika pamoja. Yeye alinyoosha kitambaa, mimi nikaweka vikombe na sahani, na akiona kikombe kimekaa pembeni kidogo alikisogeza bila kuniuliza.

Halafu ibada ilianza, na wakati wa kushiriki ulipofika watu walitoka safu kwa safu kwenda kupiga magoti mbele. Kemunto alibaki kwenye benchi. Kwetu, waliooana kimila bila kufungishwa ndoa kanisani wanaruhusiwa kila kitu, kuimba, kutoa sadaka, kufua, isipokuwa kukaribia meza ile. Hiyo ndiyo iliyokuwa hali yake. Alikuwa akifungua kitabu cha nyimbo na kukitazama, na mimi nilijua hasomi, maana mara nyingine kilikuwa juu chini.

Kila kasisi mpya alipokuja, Kemunto alimwendea na swali lile lile, na kila kasisi alimpa jibu lile lile: mlete mume wako. Mume mwenyewe jibu lake nililisikia kwa masikio yangu, siku niliyompelekea salamu za kanisa akiwa anapogoa chai.

"Mimi nilioa huyu mama kitambo," aliniambia. "Ng'ombe ilifika kwao, na baba yake alichagua yeye mwenyewe. Sasa nioe yeye mara ngapi?"

Nilimsaidia kukusanya matawi, nikaenda zangu.

Miaka ikaenda. Mzee Ondieki alifariki, kanisa likapata sakafu ya saruji na madirisha ya vioo, tukapandishwa kuwa parishi kamili, na Kemunto akazeeka kwenye benchi lile lile. Kisha mwaka mmoja aliugua. Alilazwa hospitalini Kisii mjini kwa muda, na vitambaa vikafuliwa na akina mama wengine kwa zamu, wakijitahidi. Aliporudi nilikwenda kumwona. Alikuwa amekonda lakini maneno alikuwa nayo. Alinilaumu kwanza juu ya vitambaa, kwamba amesikia vina mikunjo.

"Baba Kerubo," akasema, akiniita kwa jina la mwanangu, "mimi sitaki kufa nikiwa wa kuandaa tu. Nataka na mimi nile."

Maneno hayo yaliniuma. Nilikuwa nimeitandika ile meza pamoja naye maisha yangu yote ya kazi, na kila Jumapili nilikula mimi, hakula yeye. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa kasisi.

Kasisi wetu wakati huo alikuwa Kasisi Wafula, mtu wa Bungoma, mrefu, mwenye haraka, asiyeamini kwamba kuna jambo lisilowezekana. Alikwenda kwa Mzee Nyakundi siku hiyo hiyo, akaketi, akala ndizi alizopewa, akauliza shida ni nini hasa. Mzee akasema harusi za Waanglikana hufanywa Jumamosi, na yeye Jumamosi hafanyi shughuli. Kasisi akasema basi tutafanya Jumapili alasiri. Mzee akafikiri kidogo, akasema pia yeye alilelewa kwamba pete ni mapambo, na mapambo si ya mtu wa Mungu. Kasisi akasema hakuna neno, badala ya pete atampa mkewe Biblia. Mzee akatazama chini, akatazama migomba, akatafuta kizuizi kingine asikione. Akasema sawa, kwa sauti ya mtu aliyekubali kung'olewa jino.

Kuanzia hapo kamati ikashika usukani, na nyinyi mnajua kamati ikishika usukani. Mwana wao wa kwanza, Mogaka, anayekaa hapo nyumbani, aliwaita ndugu zake kutoka Nairobi. Wake zao wakashona vitambaa vya rangi moja. Likapatikana hema, ikapatikana keki, akapatikana mtu wa video. Matangazo ya ndoa yakasomwa Jumapili tatu mfululizo kama ilivyo kanuni, na kwa kuwa maneno ya tangazo hayabadilishwi, Kasisi alisimama akatangaza kwamba kijana Nyakundi anakusudia kumwoa binti Kemunto. Kanisa zima lilicheka, na binti Kemunto, aliyekuwa na wajukuu wenye ndevu, alijifunika uso kwa leso. Nilifurahi kumwona akiona haya ya aina hiyo.

Jumapili yenyewe ikafika. Kanisa lilijaa, jua lilikuwepo, Kemunto amevaa gauni jeupe lenye kola na viatu vipya vilivyombana. Wana wamekaa benchi la mbele, na wake zao kando yao, wote rangi moja. Mtu wa video amepanda juu ya stuli. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa bwana harusi.

Tulingoja. Kwaya iliimba nyimbo zote ilizozijua, ikazirudia. Mwishowe Kasisi aliniita pembeni akaniambia nikamtafute. Nilianza nyumbani kwake, nikakuta mbwa tu. Nikashuka njia ya kwenda kwenye banda la kupimia majani chai, ambalo Jumapili huwa tupu, na humo ndani nikamkuta amekaa kwenye ubao, peke yake. Alikuwa amevaa suti. Viatu vimepakwa rangi vinang'aa, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Mtu asiyetaka kuoa havai hivyo.

Nilikaa karibu naye. Tuliongea juu ya mvua kwanza, kisha akasema alikuwa amefika hadi kwenye lango la kanisa. Akaona wake za wanawe wamesimama mlangoni na maua, bado hawajaingia kuketi, wanamngoja yeye. Akarudi.

"Nisimame pale nishikwe mkono na mama yao, na hao wasichana wanaangalia?" aliniuliza. "Na mtu wa video? Hapana, Baba Kerubo. Nyinyi mliniuliza Sabato, mkaniuliza pete. Hii hamkuniuliza."

Nilielewa papo hapo, na nikajiuliza kamati nzima ya Abagusii tulikuwa tumelala wapi. Kwa walio wageni, niwaeleze. Kwetu kuna kitu kinaitwa chinsoni, heshima yenye haya ndani yake, kati ya mzazi na watoto wake na wake za watoto wake. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hampi mkono mke wa mwanawe. Na mambo yake na mama yao hayaonyeshwi mbele yao hata kidogo. Vijana wa leo wameyalegeza mengi ya hayo, lakini Mzee Nyakundi si kijana wa leo. Nasi tulikuwa tumewapanga wake za wanawe benchi la mbele, tukawavika sare, tukawapa maua. Tulishughulika na Usabato wake hata tukasahau kwamba yeye ni Mgusii kabla ya kuwa Msabato.

Nilirudi nikamweleza Kasisi, ambaye ilibidi nimweleze mara mbili. Watu wakatangaziwa kwamba mzee hajisikii vizuri. Chakula kilikuwa kimeiva, na watu wa Gesima hawaachi chakula kilichoiva, basi waliketi hemani wakala. Kemunto alivua vile viatu, akashika mwiko akaanza kupakua na gauni lake jeupe. Sikuweza kumtazama kwa muda mrefu. Jumapili iliyofuata alikuja na vitambaa alfajiri kama kawaida, tukatandika, na wakati wa kushiriki akafungua kitabu chake cha nyimbo.

Aliyetutoa hapo ni mjukuu wao, Moraa, aliyekuwa akisomea uuguzi Kisii mjini na kupanga nyumba Kiogoro. Alikuja kanisani siku ya kazi, akatukuta mimi na Kasisi tukibadilisha balbu, na akasema mambo kama mtu anayeeleza njia ya kwenda posta.

"Sokoro hana shida na kuoa," akasema, sokoro ikiwa ndiyo babu kwa Ekegusii. "Shida ni baba na mama na hao wengine. Wao wakae home. Lakini sisi wajukuu hatuna hiyo maneno ya chinsoni na sokoro. Yeye mwenyewe tangu nikiwa mdogo huniita bibi yake. Tupee sisi hiyo harusi."

Kasisi alinitazama mimi, nami nikaitazama balbu. Ni kweli tupu. Babu na wajukuu kwetu hutaniana bila mipaka. Babu humwita mjukuu wa kike mke wake, naye humwambia babu amezeeka atafute mwingine, na hakuna anayeona haya. Walikuwepo tangu mwanzo na hatukuwaona, kwa sababu kamati haina mjukuu hata mmoja.

Ndoa ilifungwa katikati ya wiki, asubuhi, bila hema wala video. Wana na wake zao walibaki nyumbani wakipika, na nilisikia kwamba Mogaka alimenya ndizi nyingi kuliko zilizohitajika kwa sababu ya wasiwasi. Kanisani walikuwepo wajukuu watupu, wakubwa na wadogo, wamejaza mabenchi. Mzee Nyakundi aliingia na ile suti. Moraa alimwuliza kwa sauti kama leo ndiyo anaachwa rasmi, babu akamjibu kwamba amemngoja mno na yeye amejikalia huko Kisii, na wote wakaangua kicheko, pamoja na Kasisi. Baada ya hapo mzee alikuwa mtu mwingine. Alijibu maswali ya Kasisi kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Alimpa Kemunto Biblia. Kasisi alipoviunganisha viganja vyao na kuvifunika kwa kitambaa cha shingoni mwake, mzee hakutazama chini. Moraa na binamu yake wakatia sahihi kama mashahidi, na wajukuu wakawasindikiza nyumbani wakiimba. Mzee alitembea hatua kadhaa mbele ya mkewe, kama anavyotembea siku zote, kwa sababu huko mbele, bomani, wake za wanawe walikuwa wanangoja.

Jumapili ikafika. Tulitandika, mimi na Kemunto. Kikombe nilikiweka pembeni mara mbili, naye akakisogeza mara mbili. Ibada ilipoanza nilimwona Mzee Nyakundi akiingia, kofia mkononi, akakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Sijui kama alikuwa amewahi kuingia kanisani Jumapili kabla ya hapo. Mogaka na familia yake walikuwa upande wa pili, na wale wa Nairobi walikuwa hawajaondoka bado, kwa hiyo wana wote walikuwepo, na wake zao wote.

Wakati wa kushiriki ulipofika, safu yake ikasimama, na Kemunto akasimama nayo. Alikwenda mbele polepole, akashika ule ubao wa kupigia magoti, akashuka. Kasisi akampa mkate. Akampa kikombe. Kemunto akasema amina yake, na mimi nikiwa pale kando nimeshika chupa ya divai nililia wazi wazi, sikujificha, na sioni kwa nini ningejificha.

Wenzake wakainuka, wakarudi. Kemunto hakuinuka. Mwanzoni tulidhani anaomba. Safu nyingine ikaja ikapiga magoti kando yake, ikala, ikaondoka, naye bado yuko chini. Ndipo nikaona ameubana ubao kwa mikono yote miwili na anajaribu, na magoti yake hayakubali. Alikuwa hajawahi kushuka pale, hakujua ubao ule ulivyo chini kwa mtu wa umri wake. Akina mama wawili wakaanza kutoka kwenye benchi lao. Nami nikaiweka chupa chini.

Lakini nyuma kulisikika viatu. Mzee Nyakundi alikuwa amesimama. Alipita katikati ya kanisa, akapita benchi la Mogaka, akapita benchi la wake za wanawe, bila kuharakisha na bila kutazama kando. Alipofika mbele alimnyooshea mkewe mkono.

"Mong'ina, inuka," alimwambia kwa Ekegusii, akimwita mama mtu mzima, kwa upole ambao sikujua anao. "Twende tukakae."

Kemunto aliushika. Wake za wanawe waliinamisha vichwa wote kwa pamoja wakatazama sakafu, kama walivyofunzwa, ili kumpa nafasi. Naye hakuuachia ule mkono pale mbele, wala alipopita karibu nao. Aliushika hadi benchi la mwisho, wakakaa.